Rudisheni daftari la Jumapili

Tulimzika mama wa kipa wetu Alhamisi, kijijini nje ya mji wa Busia, na kutoka klabu yetu tulikuwa watu sita. Sita, katika timu yenye majina thelathini na nne. Kila mmoja alijilipia nauli na kufika kwa saa yake. Wa mwisho alikuta kaburi limeshafukiwa. Usiku uliotangulia, kwenye kundi letu la WhatsApp, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo: "Mheshimiwa amesema atatoa gari?"

Miaka mitatu nyuma hakuna ambaye angeuliza hivyo. Beki wetu wa kushoto alipofiwa na baba yake kule Tororo, habari ilitufikia saa kumi jioni. Kabla ya magharibi mama wa chapati, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alikuwa ameshafungua daftari la michango yetu ya Jumapili, amehesabu, na taksi ya watu kumi na wanne imekodishwa. Tulilala matangani. Asubuhi sisi ndio tulioshika majembe.

Katikati ya misiba hiyo miwili zilipita kampeni za uchaguzi wa 2026 hapa Uganda. Mgombea alikuja uwanjani na seti mbili za jezi, mipira minne na maneno matamu: elfu mbili zenu za kila Jumapili wekeni mfukoni, kuanzia leo gharama zote ni zangu. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga, na inaniuma kulisema. Jumapili iliyofuata daftari halikufunguliwa.

Nataka wenzangu waelewe tulichokitoa siku ile. Ukiwa kijijini kwenu, ukoo unajua wajibu wake: nani achimbe, nani apike, nani alale na wafiwa. Sisi ni watu wa Walukuba, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja wakati wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa 1954. Babu zetu walitoka kila upande. Uwanjani kwetu utakuta Msoga, Mjapadhola, Msamia, Mlugbara na Mnubi, na tunagombania kona kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoikuta mtaani. Damu haituunganishi, wala ibada. Hapa hakuna aliyezaliwa akiwa na deni kwako, kwa hiyo kuaminiana lazima kutengenezwe kwa mikono, na sisi tulikutengeneza kwa shilingi elfu mbili kila Jumapili saa moja asubuhi.

Ukitoa elfu mbili zako, jina lako linapigwa alama. Jumapili mbili bila alama, mama wa chapati anamtuma mtu akagonge mlango wako. Wengine walikutwa wanaumwa malaria. Mmoja alikutwa amefukuzwa nyumba na anaona aibu kusema. Halafu kulikuwa na zamu: wiki hii fulani anafua jezi, fulani anapiga mistari kwa majivu, fulani anafuata nyavu kwa mwenyekiti. Ukimwona mtu anafua jezi kumi na tano zilizojaa tope bila kulipwa, na anazirudisha zote kumi na tano, unajua unaweza kumkopesha. Hakuna barua ya utambulisho inayokuambia hivyo. Wataalamu wanaita mtaji wa kijamii. Mimi nimeuona ukiota pale kwenye beseni la kufulia.

Na mtaji huo ulileta faida. Machi 2020 shule zilipofungwa, tulikuwa na winga ambaye ni mwalimu wa shule binafsi. Mshahara ulikatika mwezi uleule, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mshambuliaji wetu ana karakana ya kuchomelea. Alimchukua, akamfundisha kushika mashine, akamlipa kwa kila mlango na kila dirisha. Hawakuwa ndugu, hawakuwa na hata rafiki mmoja nje ya uwanja wanayemjua wote wawili. Nilipomuuliza kwa nini alimwamini na vifaa vyake, alinijibu: "Huyu hajawahi kukosa zamu." Miezi hiyohiyo boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, na ni kiungo wetu wa boda aliyeniletea dawa za mwanangu kutoka mjini, tena mara mbili. Hakuchukua hata pesa ya mafuta.

Sasa tazama kilichofuata baada ya zawadi ile. Jezi zililala kwenye gunia wiki tatu, kila mtu akisema kuna kijana wa Mheshimiwa anayelipwa kuzifua. Mistari ilifutika. Watu wawili waliacha kuja na hakuna aliyegonga mlango, kwa sababu hakuna aliyejua wameacha. Uchaguzi ulipita, na simu yake ikaacha kupokelewa.

Najua, mpira ni ghali, na timu ya ligi haiendeshwi kwa elfu mbili za Jumapili. Anayetaka kutupa mipira atupe, tutashukuru. Lakini akitaka kulipa ada yetu, akataliwe palepale. Nakubali pia kwamba hatukuwa malaika: wasichana wa netiboli walituomba nusu ya uwanja miaka mingi kabla hatujawasikiliza, na hilo lilikuwa kosa letu wenyewe.

Nilifurahia CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale uwanja wa Namboole Agosti 2025 kama kila mtu, na AFCON ya 2027 naisubiri kwa hamu. Ila kila mkutano wa michezo ninaohudhuria ni viwanja, barabara na hoteli. Sijasikia kiongozi akiuliza ni klabu ngapi za mtaani bado zina daftari.

Jumapili iliyopita mama wa chapati alilileta. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa mafuta. Tulikuwa tisa, tukatoa elfu kumi na nane, na mimi nimechukua zamu ya jezi mwezi mzima. Jioni tukaenda watatu nyumbani kwa kipa. Alitukaribisha chai, akatusikiliza hadi mwisho, akasema atafikiria. Jina lake bado halina alama, na Jumapili hii nitaenda tena kugonga.