Dumu moja la maji ndo lililoniuzia shamba

Dalali alikuja na dumu la maji kwenye bodaboda. Mi nikadhani ni ya kunywa, jua la Misungwi saa saba mchana si mchezo, kumbe kile ni kitendea kazi chake. Tulipofika shambani akafungua mfuniko akamwaga kama nusu ya dumu chini, maji yakazama pale pale, hata dimbwi halikukaa, akanigeukia akasema kaka umeona, ardhi ya hapa haituamishi maji, panda chochote. Nikaona kweli. Nikalipa. Leo naandika hii nimebakiwa na miembe 7 kati ya 34, kwa hiyo kama na wewe unatafuta kashamba upande wetu huu wa ziwa nivumilie kidogo, ninacho kitu kimoja tu cha kusema: maji kuzama juu hakukwambii kilichopo futi mbili chini, na ule msemo wa "udongo unaopitisha maji vizuri" unaowekwaga kwenye kila tangazo la shamba umewaliza watu wazima.

Mwaka wa kwanza miembe ilipendeza mpaka nikawa naipiga picha naweka status. Mwaka wa pili ndo vituko vikaanza. Mwezi wa nne, masika imekolea, majani yanageuka njano kama mti umelowekwa kwenye beseni. Mwezi wa nane mti ule ule umesinyaa kwa kiu, ncha zimeungua. Yaani mti mmoja ndani ya mwaka mmoja unazama halafu unakufa kiu! Nikaweka samadi, nikamwagilia, nikapiga dawa ya wadudu ambao mpaka leo sijawahi kuwaona. Siku nimeng'oa mmoja uliokufa nikakuta mzizi mkuu umeshuka, halafu umepinda ghafla kama mtu aliyegonga ukuta gizani, ukaanza kutambaa kwa pembeni, na mizizi midogo yote imelala bapa kama mkeka. Nikamwita fundi anayechimba vyoo. Juu sururu inaingia kama kwenye uji, ilipofika kama sentimita 60 ikalia ngo! Fundi akacheka akasema bosi, hapa bei inabadilika.

Usiku nikaingia kwenye simu. Kusema ukweli nilikuwa natafuta dawa ya kulainisha udongo, nikajikuta nasoma habari za majangwa ya Nevada huko Marekani mpaka saa nane. Kuna aina ya udongo kule wa nchi kavu, juu ni tifutifu wenye changarawe, rangi imepauka, mboji kidogo sana, halafu chini yake, mara nyingi kabla hujafika mita moja, kuna tabaka limegandishwa kabisa kama zege. Na kwenye maelezo yake wataalamu wanaandika bila aibu kwamba unapitisha maji vizuri. Nikasema hawa nao madalali!

Kumbe si madalali. Wanapoandika hivyo hawapimi kama maji yanaweza kupenya mpaka kuzimu, wanaangalia maji yanakaa muda gani kwenye eneo la mizizi kwa hali ya hewa ya pale pale udongo ulipo. Sasa Nevada sehemu nyingi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, inayonyesha inalowesha juu kidogo, mimea inanyonya, jua linamalizia, basi. Tabaka halipitishi maji lakini hakuna maji ya kulisumbua. Mwanza tunapata milimita 1,000 hivi. Ukiuchukua udongo ule ule ukauleta huku kwetu, masika moja tu ungekuwa bwawa la kambale. Kwa hiyo hilo neno "vizuri" ukilisoma bila kuuliza panyeshaje, limekupita.

Na hilo zege linavyotokea ndo kitu kilichonikosesha usingizi. Kwenye udongo, hasa wenye majivu ya volkano, kuna silika, ile ile iliyomo kwenye kioo na mchanga. Mvua kidogo inaiyeyusha, inashuka nayo mpaka pale unyevu unapoishia, halafu maji yanavutwa na mizizi au yanakauka, silika inabaki. Mwaka ujao tena pale pale. Fanya hivyo kwa maelfu na maelfu ya miaka, kila mwaka kijiko kimoja, unapata sakafu. Mara nyingi na chokaa nayo imo, inaganda kwenye changarawe kama ukoko kwenye sufuria. Mizizi ikifika hapo haina pa kwenda isipokuwa kwenye nyufa, na nyufa zenyewe zimeachana sana.

California kuna udongo maarufu wa namna hiyo unaitwa San Joaquin, wameupenda mpaka mwaka 1997 wakautangaza kuwa udongo rasmi wa jimbo (sisi tuna twiga, wao wana udongo, kila mtu na lake). Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa kule walikuwa wanatoboa shimo, wanatia baruti, bum, ndo wanapanda mti. Baadaye yakaja matrekta makubwa yenye kucha ndefu ya kutindua. Na pale wasipovunja, mvua za baridi zikija maji yanasimama juu ya tabaka yanafanya vidimbwi vya msimu. Mpunga nao wanalima. Mpunga wanaulima juu ya sakafu! Hapo ndo nikakumbuka kitu.

Jirani yangu pale shambani ni mama mmoja mtu mzima, wote tunamwita mayu. Siku ya kwanza alivyoniona nachimbia miche alisimama akaangalia, akasema, "Baba, hapo ni itogolo. Hapo tunalimaga mpunga, embe anapandaga nani?" Mi nikacheka kwa adabu, nikajua wazee ndo walivyo, hawapendi mabadiliko. Sikuuliza hata itogolo maana yake nini. Kumbe Wasukuma kila ngazi ya mteremko ina jina lake: juu kabisa yale mawe yetu, chini yake luseni ya mchanga, ukishuka unakuta itogolo yenye tabaka gumu, chini kabisa mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kung'ang'ania gumboot masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika kwamba udongo wa huku usomwe kama mnyororo, kutoka kileleni mpaka bondeni, akauita katena, na neno hilo linafundishwa vyuoni duniani mpaka leo. Heshima yake. Ila mayu hajasoma katena na alinipa jibu bure kabla sijatoboa shimo la kwanza, mi nikaenda kumwamini mwenye dumu.

Sasa usije ukakimbilia kukodi trekta la kutindua, hapa ndo watu wengi wanatupa hela. Kwanza chukua bonge la hilo tabaka, likaushe juani vizuri, halafu liweke kwenye ndoo ya maji ulale. Mi la kwangu asubuhi lilikuwa limeshakuwa tope. Maana yake halikugandishwa na kitu chochote, ni udongo umeshikana tu, mkavu ni tofali, ukilowa unalegea, na ukiupasua leo mvua mbili tatu zinaufunga tena, labda usumbuke na kuutibu kwa jasi. Lile la jangwani hata ukililoweka wiki bado ni jiwe. Lenye chokaa ukilidondoshea siki linatoa povu, lenye silika hata asidi kali ya maabara halilimalizi. Marumu yetu tunayomwaga barabarani nayo ni ndugu yao, ila yeye kagandishwa na chuma. Ajabu ni kwamba haya magumu zaidi ndo yenye faida ukiyavunja, kwa sababu yakishavunjika wewe na wajukuu zako hamtayaona yakijiunga tena. La kwangu lililo laini ndo halina dawa ya kudumu. Fundi wa trekta hakwambii hilo, yeye analipwa kwa eka.

Watu wa kilimo wataniambia ningeenda kupima udongo maabara. Sawa, na sibishi, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru chenyewe siyo mbali na hapo. Ila sampuli wengi wetu tunayopeleka tunaikwangua juu juu na jembe, tunatia kwenye mfuko wa rambo, tunaletewa majibu ya naitrojeni na fosforasi ya zile sentimita 20 za juu. Maabara ingeniambia ukweli mtupu kuhusu sehemu ambayo haikuwa na shida. Shimo la mita moja, tena mawili, juu na chini ya mteremko, lingenigharimu hela ya nusu siku ya fundi.

Ile miembe 7 iliyopona yote iko upande wa juu karibu na mawe, kwenye luseni, sururu pale inazama mita nzima bila kulia. Huku chini nimenyoosha mikono, mwezi wa kumi nimeinua kingo za majaluba, mayu ndo kanionyesha zipite wapi na amenipa mbegu yake, akacheka mpaka akakaa chini. Maji yanasimama vizuri sana, sakafu ninayo tayari.

Juzi nikampita dalali na dumu lake, shamba la tatu kutoka kwangu, mteja kavaa miwani ya jua anatikisa kichwa kukubali. Nikasimama, nikamuazima yule mteja sururu. Dalali hanisalimii tena.