Anayeniita Papa na Abishe Hodi

Jumanne iliyopita, muda mfupi baada ya saa moja ya usiku, tulikuwa tumekaa kula. Umeme ulikuwa umerudi baada ya siku mbili, jambo ambalo hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, watoto hulipokea kwa vigelegele, na simu zote za nyumba zilikuwa zimechomekwa kwenye kipande kimoja cha waya kilichoning'inia ukutani. Iliyolia ilikuwa ya mama yangu. Ana miaka 76, sikio lake la kulia limechoka, na kwa sababu hiyo hupokea simu kwa kipaza sauti, majirani nao wasikie wakitaka. "Mama yangu mpendwa, Bwana asifiwe," ilisema sauti ya kijana. "Ni mimi mtoto wako. Umetusahau kabisa?"

Mama aliacha tonge la bugali mkononi. Kijana yule hakuwa mtoto wake, wala wa dada zake, wala wa jirani yeyote. Alikuwa mtoza michango wa kituo cha yatima ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona, na kabla hajamaliza maelezo yake sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwa zimepoa na mama alikuwa ameshaniomba nimsaidie kutuma dola 15. Dola hizo nazifahamu vizuri, kwa kuwa nilimpa mimi mwenyewe asubuhi ile, za kununulia dawa zake za presha.

Sikutuma. Tuligombana, na mama akalala bila kuniaga. Ninaandika makala haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Kabla sijaitwa bahili, niseme kwamba hakuna mtu anayeishi Bukavu bila kuchanga. Tunachanga kwa ajili ya msiba, arusi, minerval, yaani karo, ya mtoto wa ndugu, na mgonjwa aliyepona lakini hospitali haimwachi atoke kwa sababu ya deni. Wengine tumo katika likelemba mbili, vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, kwa wakati mmoja, jambo ambalo mke wangu huliita wazimu, na huenda hakosei. Lakini angalieni jinsi tunavyochanga. Ukifika kwenye matanga, mlangoni pana meza ndogo. Juu ya meza pana daftari, na nyuma ya daftari ameketi kijana mwenye kalamu ambaye anaandika jina lako na kiasi ulichotoa, kisha jioni mzee mmoja anasimama na kusoma jumla mbele ya watu. Franga elfu mbili za mjane zinasomwa kwa sauti ileile inayosoma dola 50 za mfanyabiashara. Mwenye kutoa ameonekana, mwenye kupokea ameonekana, na marehemu yumo ndani ya nyumba. Hayo yote, simu ya saa moja ya usiku imeyatupa, ikabakiza neno moja tu: "mama".

Neno hilo ndilo linalonikasirisha kuliko pesa. Katika mji huu hatumwiti mtu mzima kwa jina lake tukakaa salama. Mwuza ndizi ni mama, askari wa barabarani ni papa, yaani baba, na hata mtu unayetaka kumtukana unaanza kwa kumwita papa, ndipo umtukane. Wageni hudhani kwamba hiyo ni adabu ya mdomo, lakini neno hilo lina deni ndani yake. Ukiniita papa, nimekubali kwamba siwezi kukufukuza ukiwa na njaa, na wewe umekubali kwamba siku yangu ya kulazwa hospitalini utakuja kuniona, walau ukiwa na chungwa moja mkononi. Mama yangu amelilipa deni hilo maisha yake yote. Amelea watoto wanne wasio wa tumbo lake, kwa sababu tu walifika wakamwita mama. Sasa anatokea mtu mwenye orodha ya namba mbele yake, ambaye dakika tatu zilizopita alikuwa akimwita mama mwanamke mwingine wa Bagira na dakika tatu zijazo atakuwa akimwita hivyo mwingine wa Nguba, naye analitumia neno hilo kama ufunguo alioukuta barabarani. Mama hawezi kumkatia simu. Katika miaka yake 76 hakufundishwa namna ya kumfungia mlango mtoto, na wanaompigia wanalijua hilo. Ndiyo maana wakisikia sauti yangu wananiomba kwa upole niwape "mama mzee".

Msidhani kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 2015 Uingereza ilitikisika baada ya kifo cha mama mzee wa miaka 92 mjini Bristol, aliyekuwa ameuza kwa miaka mingi yale maua mekundu ya kuwakumbuka askari. Ilijulikana kwamba mashirika ya hisani yalikuwa yakimwandikia na kumpigia simu kupita kiasi. Familia yake ilisema wazi kwamba si hayo yaliyomwua, na ni haki kulisema hilo; hata hivyo aibu ilitosha kuwafanya Waingereza waunde chombo cha kuwasimamia watoza michango mwaka 2016, na mwaka 2017 wakafungua huduma ambayo raia anaitajia shirika fulani, nalo linalazimika kuacha kumsumbua. Wamarekani, ambao tangu mwaka 2003 wana orodha ya taifa ya namba zisizotaka kupigiwa na wauzaji, waliyasamehe mashirika ya hisani. Muuza mazulia ni msumbufu. Mwombaji wa sadaka ni malaika, hata akipiga mara tisa. Sisi Wakongo nasi tuna Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo imezungumza vizuri kuhusu kulinda data za mtu. Nitamwomba mama amsomee kijana yule.

Namba zetu wanazipata wapi? Nendeni kwenye kabini yoyote ya kutuma pesa kwa simu, iliyo chini ya mwavuli, mtume dola tano, halafu mtazame daftari la wakala. Jina, namba, kiasi, saa: yote yameandikwa kwa mwandiko safi, na daftari limelala wazi juu ya ubao huku watu sita wakiliegemea kwa viwiko. Mwezi jana nilisoma, bila kutaka, kwamba jirani yangu alipokea dola 200 siku ya Ijumaa. Jumapili alikuwa amenieleza kwamba hana hata ya sabuni.

Kuna rafiki ambaye hunipa ushauri uleule kila mara: zimeni simu jioni. Ningependa sana. Lakini tangu benki zifunge milango yake mjini hapa mwaka 2025, simu ndiyo benki, ndiyo barua, ndiyo mlango ambao dada yangu aliye ng'ambo hupitishia pesa za karo, na ndiyo inayotueleza iwapo barabara ya kesho inapitika. Kuzima simu Bukavu ni sawa na kuziba kisima kwa sababu chura anapiga kelele. Ushauri wa pili ni kusema uongo: niko kwenye mkutano, mtandao haukamati vizuri, piga kesho. Nimeutumia mara nyingi kiasi kwamba siku moja binti yangu wa miaka saba alinikuta nimelala kwenye kiti na akaniuliza kama mkutano umekwisha.

Nikiri jambo moja, ingawa linanikereketa. Mwezi wa Mei 2023, mito ilipofurika Kalehe na kusomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi siku ya soko, watu zaidi ya 400 wakafa, habari ilinifikia kwa simu, usiku, na mpigaji aliniomba pesa. Nilituma bila kuuliza swali. Sauti ile nilikuwa nimekaa nayo darasani miaka sita, na kesho yake mtu huyo alinipigia tena kunieleza kwamba amenunua maharage, mablanketi na sanda, kila kitu kwa bei yake, bila mimi kumwuliza. Kwa hiyo simu yenyewe haina kosa. Nimelikubali hilo, na sasa tuendelee.

Dawa niliyoipata niliipata kwa bahati. Mwaka jana, kwa uchovu, nilimjibu mpigaji mmoja hivi: "Asante, ndugu yangu. Nitakuja Jumamosi nione, na nitakachotoa nitakitoa hukohuko." Alikata simu kabla sijamaliza neno la mwisho. Nikajaribu kwa wa pili, naye akanieleza kwamba kituo chao hakipokei wageni kwa ajili ya usalama wa watoto, lakini pesa kinapokea. Wa tatu akaahidi kunitumia picha. Wa nne alikuwa mwanamke, sauti kavu, hakuniita papa. Alisema: "Njoo, lakini usije asubuhi, kwa sababu Jumamosi tunafua. Na ukija, lete sabuni."

Nilienda. Motari alinishusha upande wa Panzi, mahali ambapo pikipiki haiwezi kuendelea, nikateremka kwenye udongo mwekundu uliolowa huku nimeshika ukuta wa nyumba za watu kwa mkono mmoja na miche sita ya sabuni kwa mwingine. Nyumba ilikuwa ya mbao, bati lake limetobolewa na kutu, na kwenye kamba tatu zilianikwa kaptura ndogo zisizopungua thelathini. Mwanamke yule alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaipokea sabuni, akaihesabu, halafu akatoa daftari chini ya godoro. Aliandika tarehe, jina langu, "miche 6", akanigeuzia kalamu nitie sahihi. Nilipomwuliza kwa nini hunipigia wakati wa chakula, alinijibu kwamba mchana uniti za simu ni ghali na watoto wana kelele, na kwamba kama nina saa ninayoipenda zaidi, niitaje. Nilisema saa kumi. Tangu siku hiyo hunipigia saa kumi na moja na nusu, na sijawahi kukubali kwamba ni jambo zuri.

Ijumaa jioni kijana wa Jumanne alipiga tena. Mama alinikabidhi simu mwenyewe, bila kunitazama usoni. Nilimwambia kijana kwamba mama yake, kwa kuwa ndivyo anavyomwita, anaumwa presha na angefurahi sana kama mtoto wake angekuja kumsalimu. Nikamweleza njia, kuanzia sokoni Kadutu hadi mlangoni kwetu, ngazi kwa ngazi, nikamtajia hata rangi ya geti. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameondoka. Halafu akauliza kama kuna mbwa.

Mbwa hatuna. Mama ameagiza tumwekee kiti.