Kitabu Kilichorudi na Matope

Kamwene ndugu zangu.

Jana asubuhi nimekuta kitabu kwenye sanduku la kurudishia vitabu pale maktaba ninapofanya kazi, kimevimba kama andazi. Kimelowa, kikakauka, kikalowa tena. Jalada lina duara la kikombe cha kahawa, na kati ya ukurasa wa 90 na wa 91 kuna matope, matope ya porini kabisa, yamekauka pamoja na majani ya msonobari. Aliyekirudisha ni askari kijana wa kikosi cha mizinga aliyekuwa mazoezini wiki tatu. Nikakibeba kwa vidole viwili hadi kwa bosi wangu, mashtaka nimeshayapanga kichwani. Bosi akakipindua, akacheka: "Safi, huyu amekisoma." Akakigonga muhuri wa kukifuta kwenye orodha, akakitupia kwenye boksi, akaendelea na kahawa yake.

Nimeshinda na hasira siku nzima, na wala sijui nilimkasirikia nani.

Kwa msionifahamu: mimi ni mtoto wa Kihesa, Iringa. Ukutubi nilisomea Bagamoyo, nikafanya kazi shule moja ya sekondari upande wa Mafinga, kisha ndoa ikanileta Ujerumani. Sasa napanga vitabu kwenye kambi ya Wamarekani huku Bavaria. Ndiyo, jeshi lina maktaba. Siku yangu inaanzia getini, ambapo mlinzi analinganisha sura yangu na kitambulisho kana kwamba jana sikupita. Mizinga ikianza kupigwa uwanja wa mazoezi, madirisha yanatetemeka na watoto waliokuja kusomewa hadithi na mama zao hawainui hata kichwa. Mchana wanakuja askari wenyewe. Msidhani wote ni wasomaji. Nusu wamefuata intaneti, wengine wamefuata printa wachape fomu za likizo. Rafu ya namba 355, mambo ya vita, ina wateja wake wachache waaminifu. Katuni na hadithi za mapenzi ndizo zinazotoka. Saa kumi na moja jioni tarumbeta inalia, bendera inashuka, na kila aliye nje anasimama, hadi magari. Hilo hakuna aliyenifundisha. Mtu aliyekulia karibu na kituo cha polisi anajua kusimama bendera ikishuka, hata kama kichwani ana ndoo ya maji.

Katikati ya hayo kuna kazi ambayo wenyewe wanaiita palizi. Ndiyo, kama ya mahindi. Unapita kwenye rafu unang'oa: hiki hakijaazimwa miaka mingi, hiki kimechakaa, hiki kina habari zilizopitwa na wakati. Wiki yangu ya kwanza niling'oa vitabu viwili kwa siku, vingine nikivirudisha kwa siri bosi akienda kula. Mkono ulikataa. Mtu aliyesoma kitabu kimoja cha jiografia na wenzake saba, kurasa za mwanzo hazipo, anaambiwa atupe atlasi nzima kwa sababu mipaka ya nchi mbili imebadilika?

Najua mnachotaka kuniambia. "Dada, hilo ni jeshi la Marekani, wana hela." Sawa, wanazo. Lakini kofuli nayo inanunuliwa kwa hela. Na kule kwetu kofuli haijawahi kukosekana.

Shule niliyofanya kazi tulipokea maboksi ya vitabu vipya, bado vinanuka wino. Yalishushwa kwa shangwe, tukapiga picha, kisha yakaingia stoo. Ufunguo anao makamu mkuu wa shule. Makamu ameenda mjini kwenye kikao. Akirudi, mnasubiri leja iandikwe. Leja ikiandikwa, mnasubiri kabati. Kabati likija, halina kitasa. Mnaijua hadithi hii, sina haja ya kuimaliza.

Halafu wengine mnaandika kwamba tatizo ni sisi Waafrika hatupendi kusoma. Hapo ndipo nashindwa kunyamaza. Babu yangu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, kwenye kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970, na hadi anafariki alikuwa anasoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, pamoja na ile iliyofungia karanga. Akimaliza karanga analainisha karatasi kwenye goti, anaomba mtu amletee taa. Sijaona askari hata mmoja huku mwenye njaa ya namna hiyo. Hawa wamezungukwa na vitabu kama sisi tulivyozungukwa na miti ya parachichi, wanapita chini yake bila kuangalia juu.

Tofauti ninayoiona mimi ni ndogo, nayo iko kwenye ripoti. Huku mwisho wa mwezi naulizwa vitabu vingapi vimetoka. Kule nilikuwa naulizwa vingapi vimebaki. Mkaguzi alikuja na leja, akahesabu, kitabu kimoja kikipungua naandika barua ya kujieleza na mshahara unatishiwa kukatwa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kwa nini kitabu cha miaka minne hakina alama hata ya kidole. Kwa hesabu ile, mkutubi bora ni yule asiyeazimisha kitu.

Na mimi nilikuwa bora sana. Tulikuwa na binti wa kidato cha nne ambaye kila Ijumaa aliniomba kitabu cha baiolojia aende nacho nyumbani. Kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila Ijumaa nilimwambia asome hapahapa hadi muda uishe, kisha nikafunga. Kitabu kile nilikiacha kizima kabisa.

Wamarekani hawakuzaliwa na ukarimu huu, walijifunza. Kati ya 1943 na 1947 waliwachapia askari wao vitabu vidogo zaidi ya milioni 120, vya kuingia mfuko wa sare, karatasi duni, gharama ndogo. Kisome, mpe mwenzako, kikichanika basi. Hakuna aliyewatuma wakaguzi kwenye mahandaki na leja.

"Basi vitume huku hivyo mnavyotupa!" Nilijua mtafika hapo. Kwanza ni mali ya serikali yao, ina taratibu zake, siwezi kupakia kontena kama nguo za mitumba. Pili, mimi ndiye niliyewahi kufungua maboksi ya msaada na kukuta mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Tuliusajili. Tukaupa namba. Tukaufungia kabatini pamoja na vingine, na mkaguzi akaukuta salama.

Mjomba wangu yeye ana hoja yake, aliitoa msibani mbele za watu: chifu wetu wa Wahehe, Mkwawa, alijipiga risasi 1898 asikamatwe na Wajerumani, mimi nimekuja mwenyewe kuwafutia vumbi. Shikamoo mjomba. Kwanza hawa ni Wamarekani. Pili, ni kwenye rafu zangu hizihizi nilipomwonesha kijana mmoja wa Texas Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, ambamo Ujerumani inadaiwa fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Hakuamini. Dola kubwa zimegawana dunia, halafu katikati yake Kalenga, ngome ya Mkwawa! Nikamwambia lilirudi 1954 na lipo hadi leo. Akaazima kitabu, akaondoka nacho kambini kwake, hakuniachia amana wala barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa Kijerumani.

Kwa hiyo msiseme nimekuwa Mzungu. Mzungu hakasiriki akiona kitabu kina matope.

Usiku nilimwandikia dada aliyechukua nafasi yangu pale shuleni. Nikamuuliza yale maboksi ya mwisho niliyoyaacha stoo yamefikia wapi. Akajibu upesi, na kialama cha kucheka mwishoni:

"Yapo salama, dada. Hakijapotea hata kimoja."