Mume Kaenda Zake, Ndoa Imebaki Daftarini

Kwenye harusi zetu za Kilutheri hapa Tanga, Mathayo 19:6 haikosi: "Basi aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe." Nauamini mstari huo. Anayeingia kwenye ndoa akiwa ameshapiga hesabu ya kutoka, heri asiingie.

Kinachonikera ni kwamba 1 Wakorintho 7:15 tumeifungia kabatini.

Wanawake wa namna hii tunao kwenye sharika zetu. Mume aliaga anakwenda Mererani kutafuta maisha. Simu zikapungua, kisha kimya. Baadaye fununu kwamba ana mke mwingine huko. Mama anakaanga samaki jioni, watoto wanakula na kusoma. Akitokea mwanamume wa heshima kumposa, wazee wa kanisa wanakuja juu: mumeo yu hai, ukiolewa utatengwa, meza ya Bwana utaisikia tu, mpaka utubu urudi kundini. Atubu nini, jamani?

Jirani yangu wa Ngamiani, bibi wa Kiislamu, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, mwenzenu yule mume hana, talaka hana. Mmemweka wapi?" Nikacheka tu, maana jibu sikuwa nalo.

Wapo wanaodhani Luther, alipokataa katika andiko lake la mwaka 1520 kuihesabu ndoa kuwa sakramenti, aliilegeza. Sivyo. Talaka aliichukia. Lakini katika andiko lilelile alimtazama pia aliyetelekezwa. Katika mstari ule wa Wakorintho, Paulo anasema asiyeamini akiondoka, na aondoke, aliyebaki "hafungiki". Je, kama aliyeondoka amebatizwa? Luther akajibu kwamba mwenye jina la Kikristo anayemtupa mwenzake hana tofauti na asiyeamini. Ungamo la Westminster la 1646, la ndugu zetu Wapresbiteri, nalo linataja sababu mbili tu za kuvunja ndoa: uzinzi, na utelekezaji wa makusudi ambao kanisa wala serikali haviwezi kuuponya. Kuchokana hakumo. Kutoelewana na mawifi hakumo.

Kwa hiyo siombi mlango ufunguliwe wazi. Nasema agano linaweza kuvunjwa na mtu mmoja, na kumwadhibu aliyebaki kwa kosa la aliyetoroka si kulinda ndoa. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971, inayosema ndoa ni muungano unaokusudiwa kudumu maisha yote, inamruhusu aliyetelekezwa asiyejua mwenzake aliko kwenda mahakamani bila kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi. Serikali imemwona. Sisi tumemwandikia barua ya kumtenga.

Geneva ya Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, ilimwita mtoro kwa matangazo ya hadharani. Asipotokea, aliyeachwa alifunguliwa. Hilo latushinda nini? Kila ndoa tunaitangaza Jumapili tatu kabla ya kuifunga. Tumtangaze na mtoro, usharika wa huko aliko uandikiwe, apewe muda. Asipojitokeza, baraza la wazee liandike tamko kwamba huyu mama yuko huru, na mchungaji alisome mbele ya usharika wote.