Toleo la kwanza harusi, la pili kuosha masufuria

Juzi nipo steshenari moja hapa Ngamiani nasubiri kopi, namsikia mwenye duka anamwambia mteja, "Hii programu ya bure ya Kiswahili achana nayo, menyu nusu Kiingereza nusu Kiswahili, sijui waliotengeneza walikuwa wamelala." Nikameza mate. Hatukulala kaka, ndo tatizo lenyewe, sisi watafsiri wa kujitolea tulitafsiri saa saba usiku watoto wameshalala, kwa bando la kubanabana.

Neno lisipotafsiriwa kabla toleo halijafungwa linatoka na Kiingereza chake, basi. Na matoleo hayasubiri mtu. LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi za ofisi, inatoka mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, nayo Aprili na Oktoba, sasa hesabu nyie watu wangapi wanahitajika kila mzunguko.

2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa, kila mtu alifurahi, ofisi kwa Kiswahili jamani! Toleo la kwanza ni harusi, wote wanataka kutokea kwenye picha. La pili na la tatu ni asubuhi yake, masufuria yamejaa ukoko na mashosti wote wana udhuru.

Watu wanasema ni hela. Haya, hela, sikatai, bando halinunuliwi kwa moyo wa kujitolea. Ila mimi niliowaona wakiondoka hawakuondoa mguu kwa ajili ya hela, waliondoka kwa sababu ya KIMYA. Kuna dogo wa Chumbageni nilimwingiza mwenyewe kwenye mradi mmoja, siutaji. Akashusha toleo la majaribio, mega mia tatu na ushee, akakuta ukiprinti jedwali safu ya mwisho inakatwa. Akapiga picha, akaandika hatua moja moja kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akatuma. Wiki, mwezi, hola. Toleo likatoka na ubovu uleule halafu wakaja na tangazo "tunahitaji wajaribuji". Dogo siku hizi anauza kava za simu na hata salamu ya kompyuta hataki. Mistari miwili tu ingetosha, "tumeiona, ahsante, haitawahi toleo hili". Dakika moja!

Na msidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Ule mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, uliopachikwa kwenye xz, programu ya bure ya kubana mafaili, mwaka 2024, mtunzaji alikuwa peke yake, kachoka, watu wanamfokea mbona unachelewa, akaja "msaidizi" mpole akakabidhiwa funguo, kumbe ndo mpachikaji mwenyewe.

Basi nikamuuliza yule wa steshenari, neno gani hasa linakukera? "Tendua. Tendua ndo mdudu gani?" Hilo nililiweka mimi, badala ya "Undo". Nikamwambia yaliyobaki nitumie Whatsapp. Mpaka leo katuma kumi na moja, na yote nimemjibu siku hiyohiyo, hata lile la matusi.