Gurudumu la Akiba na Kuku wa Watu

Mtaji wa timu yetu ya baiskeli ulikuwa chenji ya harusi. Najua mtabisha. Kamati ya harusi kumaliza shughuli ikabakiwa na hela ni jambo ambalo hata sisi tulilihesabu upya kabla ya kuliamini. Lakini ndivyo ilivyokuwa: laki mbili na ushee, bwana harusi yuko fungate na simu kaizima, na sisi wajumbe tumekaa baa moja pale Area C tunamalizia kreti la mwisho.

Ilikuwa Julai 2024. Dogo mmoja wa chuo, mdogo wake bibi harusi, alikuwa anatuonesha kwenye simu Biniam Girmay, yule kijana wa Eritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka ule, akawa Mwafrika wa kwanza kuondoka na jezi ya kijani, ile ya kinara wa pointi. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu wa hesabu, akaweka glasi mezani.

"Eritrea kuna nini ambacho Dodoma hatuna?"

"Milima," akasema dogo.

"Na vumbi?"

"Vumbi lipo."

"Basi nusu ya mahitaji tunayo."

Timu ikazaliwa hapo hapo. Mwalimu akabaki mwenyekiti, mimi nikabaki mweka hazina, na kwa kuwa mweka hazina ndiye mwenye hela, nikawa na meneja pia. Wapanda baiskeli wakawa watano: dogo mwenyewe, mwalimu, fundi baiskeli wa karibu na soko la Sabasaba, mpishi wa harusi (kilo mia na kitu, ngoja mtaona kazi yake), na kijana mmoja anayeleta maziwa mjini kila alfajiri kutokea upande wa Ihumwa. Huyu wa mwisho alikuwa anakimbia na madumu mawili kwenye keria kuliko sisi tukiwa mikono mitupu. Hakuwahi kuambiwa kwamba anafanya mazoezi.

Sasa bajeti. Huko kwa wenzetu shirikisho la dunia limeweka sheria kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, maana matajiri wale wakiachiwa wataendesha karatasi. Sisi sheria hiyo tuliitii mara tatu. Ukiondoa baiskeli ya dogo, ambayo ilikuwa ya mtumba kutoka Japani na ina gia zake (gia mbili zinafanya kazi, nyingine ni mapambo), zilizobaki ni Phoenix za kazi, chuma kitupu, breki za fito, kengele juu. Ya mpishi ilikuwa na stendi ya miguu miwili ambayo aligoma kuing'oa, eti atapumzikia wapi.

Jezi tulidhaminiwa na mwenye bucha mmoja. Alitoa hela ya kuchapa zote tano kwa sharti moja: mgongoni iandikwe NYAMA SAFI KILO 9,000. Nikamshauri kwamba timu za mbele wanaandika jina tu. Akaniambia jina halimjazi mtu tumbo. Haya. Jezi zikatoka, nzuri, nyekundu ya damu ya mzee. Kufika siku ya mashindano nyama imepanda hadi elfu kumi na moja, na jezi hazijui.

Kaptura zenye sponji tulikuta bei yake inalingana na mtaji wote. Fundi cherehani wa Majengo akatuokoa: alichukua taitsi za kike, akakata kipande cha godoro la zamani, akashonea ndani. Zikiwa kavu zilikuwa raha. Sponji la godoro likishakunywa jasho, hata hivyo, haliachii. Linashuka taratibu mpaka linaning'inia nyuma ya mapaja. Wazee wa kijiwe cha kahawa walikuwa wakituona asubuhi wanaweka bao pembeni. Mmoja aliuliza kwa upole kabisa, "Wanangu, mmevaa nepi?"

Kofia ngumu nne zilitoka kwa bodaboda, ya tano kwenye saiti ya ujenzi kule Mtumba. Ilikuwa ya njano.

Mashindano yenyewe yalikuwa bonanza la mtaani, Agosti ya mwaka uliofuata, kutoka viwanja vya Nanenane kwenda Buigiri na kurudi. Anayeijua Dodoma ya Agosti ameshaguna. Kiangazi kimekolea, na upepo wa mashariki unakuja na mchanga wa kutosha kupiga lipu. Kwenda Buigiri unaula wote usoni. Ndipo mpishi alipopata ajira. Mwalimu alituchorea ubaoni kwamba anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Kwa hiyo mpishi atakaa mbele, wengine tutakaa nyuma yake, na dogo, ambaye ndiye tegemeo, atakaa nyuma kabisa mpaka Buigiri, kisha upepo ukigeuka anachomoka. Mpishi akauliza yeye atajificha nyuma ya nani. Mwalimu akafuta ubao.

Ikabaki gari ya timu. Timu zote kubwa zina gari la kufuata nyuma, lina maji, chakula, magurudumu ya akiba. Sisi tulikuwa na bajaji. Dereva alitaka elfu thelathini, mimi nina kumi na tano. Tukavutana mpaka akakubali, kwa makubaliano kwamba akipata abiria wa njiani asimwache. Wa njiani! Narudia kwa sababu baadaye ilizuka kesi. Sikusema abiria wa kona, wala wa mzigo, wala wa mifugo. Nikapanda na galoni la maji, mkungu wa ndizi, na gurudumu la akiba, ambalo kwa kweli lilikuwa la mteja wa fundi aliyeleta baiskeli yake kunyooshwa spoku. Yule mteja alimpigia fundi simu mbio nzima. Nilimsikia fundi kwa masikio yangu, anakanyaga pedeli dhidi ya upepo, simu shingoni: "Iko mikononi mwangu, kaka, njoo jioni!"

Tulianza vizuri. Mpishi alivyokaa mbele, wale wanne walipotea kabisa machoni. Watu wa pembeni walikuwa wanashangilia, nikafurahi, mpaka nilipowasikia vizuri. Walikuwa wanauliza, "Bado elfu tisa kweli?" na kijana mmoja wa bodaboda alituandama mpaka karibu na Ihumwa anataka kilo mbili kwa bei ya mgongoni.

Pale Ihumwa akasimama mama mmoja na kuku sita. Dereva akakanyaga breki kabla sijafungua mdomo.

"Mama, shikamoo, hii ni gari ya timu," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Sogea kidogo."

Nikasogea. Bajaji haina milango, na mama alikuwa mtu wa kufikiri mbali: akaona kuku wakishtuka watarukia lami, akachukua kamba ya katani iliyowafunga miguu, akaipitisha kwenye spoku za gurudumu, akakaza. Kuku mmoja spoku tatu, mwingine spoku tatu, fundo juu ya fundo, mpaka wote sita wakawa wameizunguka rimu. Mimi nikashikilia gurudumu katikati ya magoti, jogoo mwekundu ananiangalia machoni.

Tulipofika Mtumba dereva akawasha indiketa.

"Unakwenda wapi?"

"Mama anashukia ndani kule. Dakika mbili."

"Timu iko barabarani!"

"Kiongozi, elfu kumi na tano yako mafuta yameshaimeza. Unataka nirudi nyumbani na ndizi?"

Tukaingia ndani, vumbi, mashimo, kona, na hapo ndipo simu ilipoita. Dogo kapata pancha. Lori limempunguzia njia, kashukia pembeni ya lami, na pembeni ya lami wakati wa kiangazi ni mali ya mbigili. Kile kimwiba hakina upande wa kulala. Ukikitupa vyovyote, ncha moja inaangalia juu. Tairi la mbele lilikuwa limeokota saba, na ziada mbili kwenye kiatu.

Nikamwambia dereva ageuze. Mama akasema hashuki nusu ya safari wala haongezi nauli. Kwa hiyo tukageuza na mama ndani, mama na kuku, kuku na gurudumu, tukawafuata.

Tulivyowakuta, wanne wote wamesimama. Ndiyo taratibu ya mwalimu: kiongozi akisimama timu inasimama. (Kijana wa maziwa hakusimama. Alisema baadaye upepo ulimziba masikio. Mimi nadhani alisikia.) Fundi akanyoosha mkono kwangu akisema "Gurudumu!" kwa sauti ya mtu aliyeangalia video nyingi. Nikampa. Akapokea gurudumu na kuku sita wananing'inia, wakaanza kupiga mabawa, na akabaki ameshika kitu kile juu hewani, manyoya yanaruka, hajui akiweke wapi.

"Nani kafunga hivi?"

"Polepole na huyo mwenye kishungi," mama akamwambia, "anataga."

Mafundo ya katani yakishavutwa na kuku sita hayafunguki kwa kucha. Fundi alikuwa na spana za kila namba lakini kisu hakuna. Mpishi, ambaye maishani mwake ameshachinja kuku kuliko siku alizoishi, akapiga magoti akaanza kung'ata kamba kwa meno. Kuku wa kwanza akatoka, mama akapokea. Wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa jogoo. Sijui nani alimwachia; kila mmoja mpaka leo ana jina la mwenzake. Ninachojua ni kwamba alitua chini, akajitikisa, akaingia porini.

"Jogoo wangu kwanza!" mama akasema, akakalia gurudumu.

Alikalia kabisa. Ikabidi. Mwalimu akagawa watu, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpishi azuie upepo. Wakaingia kwenye vichaka vya miiba, wanaume wazima, jezi nyekundu, kofia za bodaboda na moja ya njano, sponji za godoro zimeshuka mpaka magotini, wanafukuza jogoo huku wakipiga makofi. Basi la mkoani likapunguza mwendo. Abiria wote wakahamia dirisha la upande wetu na simu zao. Konda akachomoza kichwa:

"Na kuku nao mmeanza kuuza? Elfu tisa pia?"

Jogoo alipatikana bila mkia. Mama akamkagua mbele, akamkagua nyuma, akatangaza bei: elfu ishirini na tano, kwa sababu kwa hali ile hauziki tena. Nikalipa kutoka kwenye hazina ya timu, na hazina ikaishia hapo.

Gurudumu likafungwa. Lakini safari ile yote kuku hawakuwa wamekaa bure, na rimu nzima ilikuwa imepakwa. Fundi akaifuta kwa pindo la jezi yake, akaizungusha, akabana breki. Ikateleza. Akafuta tena, akaizidishia. Breki ya nyuma tusiiongelee, ilitoka Japani hivyo. Dogo akaangalia barabara, akauliza, "Sasa nasimamaje?" Mwalimu akamwambia hayo ni mawazo ya mtu anayetaka kusimama.

Kule mbele, kijana wa maziwa aligeuza Buigiri akiwa wa pili. Wa pili! Peke yake, na Phoenix, bila maji yetu wala ndizi zetu. Upepo ukawa mgongoni, akawa anamkaribia wa kwanza, na zawadi ilikuwa kwa watatu. Kufika Ihumwa, bibi mmoja mteja wake amesimama barabarani na sufuria. Asubuhi ile maziwa hayakufika kwake.

"Mbukwenyi!"

Ukisalimiwa na mkubwa hujibu ukiwa juu ya baiskeli. Kijana akashuka. Akasalimia, akauliza nyumbani, akauliza mifugo, akauliza mguu wa bibi, akaeleza maziwa kwa nini hayakuja, akaahidi kesho atamjazia. Alipopanda tena alikuwa wa nne. Nilifoka sana siku ile. Mwalimu akanijibu kwamba nimwoneshe mahali kijana alipokosea, na mpaka leo natafuta, maana yule bibi anachukua lita tatu kwa siku.

Dogo alitoka na upepo ule ule, bila breki, na sitanii nikisema alikuwa anakwenda kasi kuliko mtu yeyote siku ile. Tatizo ni muda. Nanenane walishagawa zawadi, walishasifu serikali ya mtaa, turubai linashushwa. Utepe wa kumalizia umekunjwa. Dogo akapita mstari akipiga kelele "Nipisheni!", akapita meza ya waamuzi, akapita mtu wa soda, akaishia kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa tayari kwa kupakiwa. Viti vilimpokea vizuri, hakuumia hata ukucha. Ila mwenye viti alikuwa yule yule aliyetukodishia vya harusi, na alipomwona mwalimu anakuja mbio akasahau ajali kabisa: kuna viti viwili vyake havijarudi tangu Julai ya mwaka jana.

Picha za basi zilimfikia mwenye bucha kabla sisi hatujafika mjini. Hakugombana. Alisema tu kwamba yeye anauza ng'ombe, sasa wateja wanamuulizia jogoo asiye na mkia, na wanataka bei ya mgongoni. Akachukua jezi zake zote, ya fundi akaipokea kwa kuishika ncha.

Jogoo tulimla jioni ile. Mpishi alimpika vizuri, tusiseme uongo.

Wiki iliyopita dereva wa bajaji kanipigia. Nilidhani anadai. Kumbe yule mama kamtuma: ana mbuzi wawili wa kupeleka Buigiri, anauliza mashindano mengine ni lini.