Fundi Kaona Ugonjwa

Hivi mimi nafanana na mtu wa kutembeza rimoti Kariakoo? Maana fundi kafungua ile kanga ya mama Neema niliyoifungia, katazama, kaniuliza, "Mzee wangu, rimoti ya nini hii?"

Rimoti! Hii ni kompyuta, ZX Spectrum ya 1982, marehemu mjomba karudi nayo kutoka Uingereza, hata vumbi alikuwa anaipangusa mwenyewe. Nikakunja nne kwenye benchi, nikamweleza taratibu, kama mtu aliyesoma: kumbukumbu kilobaiti 48, gemu inaingia kwa kaseti, inalia kiiii-krrrr dakika tano nzima, na mtoto akijikwaa kwenye waya mnaanza upya. Vitufe vya mpira. Chini yake kuna utando wa plastiki, ukizeeka unakatika kama manda ya sambusa iliyosahauliwa juani.

"Sasa shida?"

"Kapasita zimekauka. Badilisha tu."

"Tuiwashe kwanza."

"Usiiwashe!"

"Mzee, daktari haandiki dawa bila kumwona mgonjwa." Akavuta adapta ya volti 9 kutoka kwenye lile rundo lake. Nikamwambia, mwanangu, adapta nyingi chanya iko katikati ya kile kichomeo cha mwisho wa waya. Hii kichwa ngumu, hasi ndiyo iko katikati. Ukigeuza unaua kumbukumbu. Akacheka, akaita wenzake. Wakaja wanne na muuza kahawa. Kikao kikaanza. Mmoja kaapa hasi haijawahi kukaa katikati tangu azaliwe. Mwingine anauliza kama inaingia WhatsApp. Muuza kahawa anasema hii anaijua, ni ya kupimia presha. Nami, kwa adabu zangu, nikapokea kikombe.

Kile kikombe ndicho kilichoniponza. Nimeinamisha kichwa nipulize, nasikia tii! Moshi mwembamba, harufu kama maharage yameungua.

Fundi akatikisa kichwa polepole. "Ahaa. Ugonjwa nimeuona."

Ameuona! Kauleta mwenyewe, kauona mwenyewe, na elfu kumi ya kuangalia kaitaka! Nikapiga kelele hadi koo likakauka, na kahawa nikalipa mimi, ya watu sita.

Sasa natafuta chipu za kumbukumbu, zile za 4116, nane, za kale kuliko huyo fundi. Kwenye daladala konda kanambia mzigo nipakate au nilipie siti. Nimepakata. Nafika nyumbani, mama Neema haulizi kompyuta, anauliza kanga yake inanuka nini, na mkaa niliotumwa uko wapi. Mkaa wenyewe siku hizi kopo moja umeuona bei yake?